Mwanafunzi wa zamu ya usiku

Muhula ukianza, lawama huwa zile zile. Mwenye stashahada ya maabara anayefanya kazi usiku katika hospitali binafsi na kusoma shahada mchana huambiwa anatafuta cheti tu. Wahadhiri wanasema anasinzia darasani, wakuu wa maabara wanasema akili yake iko kwenye mitihani. Wanayoyaona ni ya kweli. Lakini kusema kwamba masomo ya aina hiyo huzaa mtaalamu hafifu, hapo sikubali.

Mwaka 1997 watafiti Plebani na Carraro walichapisha hesabu ya makosa katika maabara ya vipimo vya dharura huko Padova, Italia: vipimo 40,490, makosa 189. Asilimia 68.2 ya makosa hayo yalitokea kabla sampuli haijapimwa. Wakati wa kupima kwenyewe ni asilimia 13.3 tu. Waliporudia miaka kumi baadaye, ya kabla ya kupima yalikuwa bado asilimia 61.9. Kila nikizitazama namba hizi najiuliza: haya ya kabla ya kupima mtu anajifunzia wapi? Kuandika jina kwenye tyubu pale pale kitandani, kukataa damu iliyoganda hata kama nesi amekasirika, kuona kwa jicho kwamba seli zimepasuka. Darasani yanapita katika kipindi kimoja. Kwenye zamu yanakuja usiku kucha.

Usiku mmoja, yapata saa tisa, mashine ilitupa potasiamu 9.4, kiwango cha kutisha, na kalsiamu iliyoshuka vibaya mno. Wodini mgonjwa amekaa, anaongea, anaomba maji. Tulirudia kipimo, majibu yakawa yale yale. Dada niliyekuwa naye zamu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, akapiga simu: "Samahani sista, damu ya tyubu nyekundu ilipungua mkaongezea ya zambarau?" Ndivyo ilivyokuwa. Tyubu ya zambarau ina EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, yenye potasiamu, nayo hukamata kalsiamu. Moja hupanda, nyingine hushuka. Somo hilo alikuwa amelipata wiki ile ile. Damu ikatolewa upya, potasiamu ikasoma 4.2, na mgonjwa akaepushwa dawa ya kushusha potasiamu ambayo hakuihitaji.

Uchovu, hata hivyo, si hoja ya kupuuzwa. Aliyekesha, akashinda darasani, kisha usiku wa pili akapangwa kulinganisha damu ya kuongezewa mgonjwa, anaweza kuua kwa kusoma vibaya jina moja. Kazi nayo hufundisha mabaya: nimeona wakongwe wakiandika hakuna vimelea vya malaria baada ya kupitia sehemu ishirini za slaidi, na vijana wakiiga. Chuo ndicho kinachomwambia kijana kwamba zinatakiwa angalau mia.

Kwa hiyo anayehitaji kubadilika kwanza, kwa maoni yangu, ni yule anayepanga zamu. Ratiba ya mitihani hutoka mapema na inajulikana. Mkuu wa maabara aiombe, aiweke mezani anapopanga mwezi, na asimwache mwanafunzi peke yake kwenye benki ya damu usiku wa kuamkia mtihani.