Licenciado Kapanda Daladala

Jamani, mwenzenu nanuka mkojo wa paka na jeli ya stroberi. Nimeshaoga. Kuoga tena haiwezekani, tangi la juu ya paa limekauka na lori la maji litakuja likijisikia. Huku Iztapalapa, mashariki mwa Jiji la Mexico, ukitaka kujua nani ana cheo, gonga tangi lake usikilize. Msinipe pole, nyie wenyewe mna madumu uvunguni.

Tuanzie jana, maana ya leo hayaelezeki yenyewe. Tangu alfajiri nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya gari bovu, baridi imeniingia mpaka kwenye meno, mkononi kamba ya mtego, macho kwa shume mmoja mweusi mwenye mashavu ya mwenyekiti wa mtaa. Kanusa sardini. Katia mguu. Katia wa pili. Umebaki mkia tu nje. Hapo ndipo lilipopita gari la vyuma chakavu na kipaza sauti chake: tunanunua magodoro, mafriji, majiko, mashine za kufulia! Sauti ni ya kitoto cha kike, ilirekodiwa mwaka 2004 na hadi leo inazungushwa mji mzima. Huyo mtoto sasa ni mtu mzima, pengine saa hiyo alikuwa kajifunika blanketi lake, anakoroma. Shume akatoka kinyumenyume na sardini yangu mdomoni, akaruka ukuta.

Na mimi huku nilikuja kujitolea kwenye maktaba ya mtaa, kupanga vitabu kivulini. Majirani wakaona kijana hana mke, hana gari, jioni ameshika tama. Wakanikabidhi mtego. Hesabu yao haina ubishi: paka jike wa miezi mitano tu anaweza kubeba mimba, mimba yenyewe ni miezi miwili na siku chache, na mtaa wetu una jike juu ya kila bati. Basi tunawakamata, wanahasiwa, wanachanjwa, wanakatwa ncha ya sikio ili wasije wakakamatwa tena, halafu tunawarudisha walikotoka. Ukiwasimulia watu wa nyumbani wanauliza umelishwa nini.

Jioni Doña, ndivyo huku wanavyomwita mama mtu mzima, wa nyumba ya pili akanikuta barazani nimenuna.

"Joven, kumbe unamtaka Licenciado?"

Licenciado ni cheo cha msomi. Huku mtu akifunga tai tu wanamwita hivyo. Doña kampa shume kwa sababu, anavyosema, anakuja saa ya kula, kazi hafanyi, na hakuna wa kumuuliza.

"Doña, kumbe ni paka wako?"

"Wangu? Hapana, mijo. Mimi namlisha tu. Ana blanketi lake, na akiumwa nampeleka kwa daktari."

Akafungua mlango wa kizimba, ndani hamna sardini wala harufu yake, akaita mara moja. Licenciado akashuka ukutani, akaingia, akajilaza. Mimi na kamba yangu tukakaa kimya.

"Ila usimkate sana," akaniomba Doña.

Usiku kucha kaimba chooni kwangu, kwa kuwa hatakiwi kula kabla ya dawa ya usingizi. Ndiyo hali niliyoamka nayo, kama kuamka ndiko kule.

Asubuhi teksi ya kwanza ilipoona kizimba ikaongeza mwendo. Nikapanda kombi, daladala ya huku: Bikira Maria wa Guadalupe kwenye dashibodi, muziki wa kumbia kwenye spika, watu goti kwa goti. Ukiingia unasalimia gari zima, na gari zima linaitika. Kondakta hakuna. Nauli unampa wa mbele yako, naye anampa wa mbele yake, mpaka kwa dereva, na chenji inarudi kwa mikono ileile. Nilitoa noti ya peso 50, ikaenda ikipokewa na watu nisiowajua hata majina, chenji ikarudi kamili. Sisemi kitu. Watu wa Mbagala mnajuana wenyewe.

Dereva akatazama kwenye kioo. "Na huyo chini ya shuka, halipi?"

Abiria wakagawanyika. Mzee mmoja wa kofia akasema mnyama hakai kwenye kiti, kwa hiyo halipi. Mama aliyebanwa na kizimba akasema kama ni hivyo basi na yeye asilipe, maana kiti chake amekalia nusu. Mwanafunzi akataka kujua paka ana umri gani. Licenciado, kusikia anajadiliwa, akatoa mlio mmoja mzito mpaka dereva akapunguza muziki.

"Analilia nini?" akauliza bibi aliyekaa mkabala nami.

"Anapelekwa kuhasiwa, bibi."

Gari zima likanyamaza. Wanaume wote, na dereva akiwemo, wakabana mapaja. Mzee wa kofia akavua kofia. "Maskini. Na hakuna njia nyingine?"

Mkewe, ambaye mpaka hapo tulidhani kalala, akasema bila kufumbua macho: "Kijana, waulize kama wana nafasi ya mmoja zaidi."

Kombi likapasuka kwa kicheko. Dereva akacheka mpaka akasahau kwamba barabara za nchi hii zimejaa matuta. Na bibi wa mkabala, kwa huruma zake, sekunde hiyohiyo akainua shuka amwone maskini. Tuta, shuka, paka: vyote kwa pamoja. Licenciado akajirusha kwenye nondo za kizimba, kizimba kikampiga kiwiko dada aliyepakata sinia la jeli za kuuza, na jeli zikapaa.

Moja ilitua kwenye kiatu changu. Ilikuwa imetoka nzima kwenye kikombe, nyekundu juu, tabaka jeupe la maziwa chini, inatetemeka tu haivunjiki, na unyoya mweusi wa Licenciado umelala juu yake. Nikaiangalia. Nikajiambia mimi ni mtu mzima, nimesoma, kwetu Tanga ukoo wangu unaheshimika. Ndipo nikasikia uvuguvugu unashuka pajani, na haukuwa wa jeli.

Sasa nani alipe? Kesi ikasikilizwa palepale, gari likiendelea. Dereva akasema kosa ni la tuta, na tuta ni la serikali. Bibi akasema yeye alikuwa na huruma tu, huruma haina faini. Mwanafunzi akasema wa kulaumiwa ni paka, wakamjibu paka hana mfuko. Macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa mfuko ninao na chenji yangu wameihesabu wenyewe.

"Kwani wewe ni wa wapi?" akauliza mzee.

"Tanzania."

"Mkuba," akawafafanulia wenzake.

Nikalipa jeli. Zote! Na zile zilizobaki vikombeni wakanilazimisha nile, maana nimeshazilipia, na nilipotia kijiko mdomoni gari zima likanitakia mlo mwema. Unapataje hasira na watu wa namna hii? Nilijaribu, wallahi.

Wanapohasi bure ni kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, mlimani. Mji huu uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, mimi mapafu yangu ni ya pwani, na kizimba kina uzito wake. Nilifika sina sauti. Wakaniuliza jina la mgonjwa, nikasema Licenciado. Mwandishi akauliza wa sheria au wa uhasibu. Jina la mwenye paka wakaandika langu. Basi sasa kuna karatasi yenye muhuri inayosema shume ni wangu. Ya kusema mimi ni mkazi ndiyo bado: ofisi moja inataka bili ya umeme kwa jina langu, wakati mita ya chumba nilichopanga imeandikwa jina la babu yake mwenye nyumba, marehemu.

Halafu mwaka 2024 serikali hiihii iliwatangaza paka 19 wa Palacio Nacional, pale anapokaa rais, kuwa mali hai za kudumu. Chakula na matibabu juu ya hazina mpaka wafe, rais abadilike asibadilike. Mmoja aliwahi kukatiza jukwaani López Obrador, rais wa wakati huo, akiongea na waandishi wa habari. Aliulizwa nakala? Aliulizwa bili ya umeme?

Nikiwa kwenye foleni ya kumchukua simu ikalia, grupu la kamati ya harusi ya binamu. Wamenipangia mchango wa laki tano kwa kuwa niko Amerika. Nikaandika kwa heshima kwamba najitolea, silipwi hata senti. Mjomba akajibu: kama unaweza kujitolea kwa paka, kwa ndugu yako unashindwa nini? Nikawatumia picha ya kiatu na ile jeli, waone hali halisi. Shangazi kauliza kiatu hicho huko ni shilingi ngapi. Katibu kaandika laki saba.