Jeshi Lililofungiwa Kambini

Juzi tukiwa mezani kwenye mchezo wetu wa vita, ramani imetandazwa, mwenzangu alikiokota kisanamu changu cha askari, kifupi kuliko kidole gumba, akakigeuzageuza. "Hawa si ndio waliokaa kambini mpaka sultani wao akapinduliwa? Wape alama ya chini kabisa, kaka." Kitabu cha kanuni tunachotumia nacho kinasema hivyohivyo: askari wasioiva, wepesi wa kukimbia. Wiki nzima maneno hayo hayajanitoka.

Jeshi lenyewe ni Nizam-ı Cedid la Selim III, sultani wa dola ya Osmani, Uturuki ya zamani. Sisi hatuhitaji mkalimani hapo: nizam ndiyo nidhamu yetu, na cedid ni jadidi. Lilianza kidogokidogo huko Levent, nje ya Istanbul, mwanzoni mwa miaka ya 1790: mazoezi ya Kizungu, bunduki zenye singe, na hazina yake lenyewe iliyofunguliwa 1793. Kufikia 1806 lilikuwa na watu zaidi ya 22,000. Waliolichukia kuliko wote ni Yeniçeri, jeshi la zamani la masultani, ambao jina lao nalo kwa Kituruki maana yake ni askari wapya. Upya huo ulikuwa na umri wa karne nne.

Kusema hawakupigana ni kutosoma. Mwaka 1799 Napoleon alipouzingira mji wa Akka, pwani ya Palestina, kikosi chao kililetwa kwa meli na kikasimama kwenye kuta pamoja na watu wa Cezzar Ahmed Paşa, gavana wa huko. Napoleon akaondoka mikono mitupu. Haya, nakubali, walikuwa wachache, na manowari za Mwingereza Sidney Smith zilifanya kazi kubwa. Lakini hawakukimbia.

Kinachoniuma ni yaliyofuata. Mwaka 1806 walipelekwa Edirne chini ya Kadı Abdurrahman Paşa. Wakubwa wa Rumelia, yaani upande wa Ulaya wa dola hiyo, wakawazuia kwa silaha, na Selim, akiogopa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawarudisha. Vita na Urusi vilipoanza mwishoni mwa mwaka huohuo, walioelekea mto Danube kupigana ni Yeniçeri. Kisha Mei 1807 walinzi wa ngome za Bosphorus, mlango wa bahari wa Istanbul, walioitwa yamak, wakaambiwa wavae sare mpya. Wakamuua afisa aliyewaambia, wakamfuata kiongozi wao Kabakçı Mustafa mpaka mjini. Maelfu ya askari wa nidhamu mpya walikuwa palepale, kambini Levent na Üsküdar ng'ambo ya maji, wamefunzwa, wana bunduki. Köse Musa Paşa, kaimu wa waziri mkuu, akawaamuru wasitoke. Wakatii! Selim akalivunja jeshi lake kwa mkono wake akitumaini kukiokoa kiti. Tarehe 29 Mei kiti kikaenda, na mwaka uliofuata akauawa.

Sasa niambieni, kosa la askari liko wapi? Wametii amri. Ndicho walichofundishwa miaka kumi na zaidi. Kuwapa alama ya chini ni kumwadhibu askari kwa woga wa mtawala na usaliti wa aliyekaa naye barazani. Najua raia walilia na kodi mpya za kulilisha jeshi hilo, na najua wengi waliingizwa kwa nguvu wakatoroka. Hayo tuyaweke kwenye mchezo pia. Uwezo wa kufyatua risasi kwa safu tusiwanyang'anye.

Kwa hiyo nimeandika kanuni zangu. Risasi zao nimezipa alama ya juu, ila kuna kadi moja, Amri ya Köse Musa, na aliyeivuta hasogezi askari hata mmoja. Jumapili nilimpa mwenzangu upande wa Selim. Kadi ikatoka zamu ya pili. Akaiweka chini, akavitazama visanamu vya buluu vilivyojipanga Üsküdar, kisha watu wa Kabakçı wakipita mtaa kwa mtaa upande wa pili wa maji. Akaniuliza kama hakuna njia yoyote ya kuwatoa. Nikamwambia hakuna. Akakaa na dadu mkononi muda mrefu, hakurusha.