Kuhamisha klasta kwenda vCenter mpya: hosti zenyewe ndo kazi ndogo

Toka tarehe 2 Oktoba 2025 vSphere 7, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe nyingi (VM) ndani ya seva halisi chache, haina tena sapoti ya kawaida, kwa hiyo wote tuliokuwa tunasema "tutaapgredi mwakani" mwakani umefika na umepita. Mabishano ni yale yale kila ukikaa na watu wa seva: unaapgredi vCenter uliyonayo (seva inayosimamia hosti, yaani seva halisi zinazobeba VM, na klasta, yaani makundi ya hosti) kwenda 8, au unasimamisha mpya kabisa, safi, halafu unahamishia klasta moja moja mpaka ya zamani ibaki tupu uizime?

Wanaotaka mpya wana hoja, tusiwabeze. vCenter nyingi zimezaliwa kwenye Windows enzi za 5.5, zikahamishiwa kwenye apliansi (mashine inayokuja imepakiwa kila kitu tayari), zikaapgrediwa tena na tena, na ndani yake kuna plagini za storeji ambayo ilishauzwa, ruhusa za watu walioacha kazi zamani, alamu hamna anayejua ziliwekwa na nani. Na kuna kitu kinawapa jeuri zaidi, kwamba kuhamisha hosti ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, maana VM haziendeshwi na vCenter, zinaendeshwa na ESXi, programu iliyo kwenye hosti yenyewe. Unazima HA (inayowasha VM upya kwingine hosti ikianguka) kwenye klasta ya zamani, na DRS, inayohamisha VM kati ya hosti kusawazisha mzigo, unaiweka manyuo (usiizime, ukiizima risosi puli zote, yale mafungu ya CPU na memori uliyogawa, zinafutika), unaikata hosti, unaiondoa kwenye orodha, unaenda kwenye vCenter mpya unaiongeza kwa jina na paswedi ya root, basi. Muda wote huo VM zinapiga kazi, mtu wa uhasibu anaendelea kuposti invoisi zake na hajui kama kuna kitu kimehama.

Masharti yapo lakini ni machache. vCenter 8 inapokea ESXi kuanzia 6.7, kama una hosti ya 6.5 imejificha mahali ianzwe hiyo. EVC (kiwango cha CPU ambacho hosti zote za klasta lazima zifuate) ya klasta mpya iwe sawa na ya zamani kabla hujaingiza hosti ya kwanza, la sivyo hosti yenye VM zinazowaka inaweza kukataliwa mlangoni. Na kati ya kuzima HA huku na kuiwasha kule, hosti ikianguka hamna wa kuziinua VM zake, kwa hiyo usianze asubuhi ukaenda kula ukarudi jioni.

Sasa hapo ndo watu wengi wanafunga mjadala, na mimi naona hapo ndo unaanza.

Chukua mtandao. Kama unatumia swichi za kawaida, zile zinazokaa kwenye kila hosti, huna shida, zinahama na hosti. Kama unatumia distributed switch, yaani swichi moja iliyotandazwa kwenye hosti zote, ile mipangilio inaishi kwenye vCenter, hosti ina nakala tu. Ukiikata hosti, trafiki inaendelea kupita kama kawaida, ndo maana mtu anajidanganya mambo yako sawa, kumbe hosti imebaki na swichi yatima ambayo vCenter mpya haiitambui. Unaweza kuiexport swichi na kuiingiza kule ikiwa na vitambulisho vyake vya asili, inaokoa kuandika VLAN (namba zinazogawa mtandao) upya moja moja, ila njia ambayo mimi ningelala usingizi ni ile ndefu: kwenye kila hosti unachomoa waya mmoja kati ya miwili, unajenga swichi ya kawaida yenye VLAN zile zile, unahamishia VM na manejimenti, unahama, halafu ukifika upande wa pili unarudi kinyume. Kwa hosti nne inavumilika. Kwa hosti arobaini hiyo ni kazi ya wiki na kila hatua ina nafasi ya mtu kukosea namba ya VLAN saa nane usiku.

vSAN, inayounganisha diski za hosti zote kuwa storeji moja, nayo ina lake. Kabla ya kuhama inabidi uiambie kila hosti ipuuze orodha ya wanachama inayotoka vCenter, maana vCenter mpya ikiona hosti moja tu kwenye klasta itaituma orodha ya mtu mmoja na storeji inapasuka vipande. Ukimaliza unairudisha ile setingi, na hapa nasisitiza, watu husahau.

Halafu bekapu, ambayo kwangu ndo hoja nzito kuliko zote. Kila VM ina kitambulisho ilichopewa na vCenter, MoRef, na programu za bekapu kama Veeam inaitambua VM kwa hicho, sio kwa jina. Ukihamia vCenter mpya vitambulisho vinabadilika, jobu zinaona VM zote ni wageni, na usiku huo huo zinaanza kuchukua bekapu nzima upya. Kama diski ya bekapu ilikuwa imejaa nusu, piga hesabu mwenyewe. Kuna namna ya kuoanisha vitambulisho vya zamani na vipya, lakini lazima uipange kabla. Ongeza na tegi, folda, ruhusa, sera za storeji, grafu za utendaji za nyuma, vyote havihami na hosti.

Ukiapgredi, hayo yote yanabaki. Na kitu ambacho watu wa "mpya safi" hawakisemi ni kwamba apgredi nayo inakupa apliansi mpya: installa inasimamisha mashine mpya kwa IP ya muda, inanyonya data, ya zamani inazimwa, mpya inavaa jina na IP yake. Mambo yakiharibika unazima mpya unawasha ya zamani. Ubaya ni kwamba takataka za kwenye databesi zinakuja pia, na kama vyeti vya ndani vimeisha muda au SSO (mfumo wa kuingia) ni mgonjwa, apgredi inagoma katikati na unarudi ulikoanza.

Kwa hiyo msimamo wangu: kama vCenter ya zamani ni nzima, apgredi, halafu fagia ndani taratibu, kufuta ruhusa za walioondoka hakuhitaji seva mpya. Mpya nitaiunga mkono kama databesi imeoza kweli, au kampuni mbili zimeungana, au mnagawana. Na ile ofisi yenye hosti tatu, swichi za kawaida na bekapu ndogo, yeye ajenge mpya mchana mmoja tu, ila ajue ana siku 60 za majaribio kabla leseni haijadaiwa, na ufunguo wa 7 haufungui 8. Tangu Broadcom wainunue VMware Novemba 2023 leseni mpya za kudumu haziuzwi tena, wapo wanaosema hela hiyo bora uhamie Proxmox, mfumo mwingine wa kuendesha VM, ila hao nao watakutana na suala la bekapu vile vile.