Vesti ya umeme kwa mtu mnene: inasaidia wapi, inadanganya wapi

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Ile mikanda ya umeme inayonadiwa mtandaoni, eti kitambi kitakatika huku umekaa kwenye kochi, tuiache pembeni. Marekani wauzaji wa mikanda mitatu iliyovuma walishitakiwa kwa udanganyifu tangu 2002. Ninayoizungumzia ni vesti ya mazoezi iliyoshamiri Ujerumani. Inaloweshwa maji, elektrodi (vipande vinavyopitisha umeme mwilini) zinakaa mgongoni, tumboni, makalioni na mapajani, kisha kwa dakika 20 hivi umeme unakaza misuli sekunde chache, unaachia, unakaza tena, nawe unachuchumaa na kuinuka taratibu.

Je, inayeyusha mafuta? Kidogo mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, waliwapima wanaume wakifanya zoezi jepesi lile lile, mara na umeme, mara bila umeme: kalori 412 kwa saa dhidi ya 352. Tangazo litakuambia "asilimia 17 zaidi!" Lakini kwa dakika 20 ziada hiyo ni kalori kama 20, yaani kijiko kimoja na ushei cha sukari kwenye chai.

Hoja yenye nguvu ni ya misuli. Mwenye kilo 120 na magoti yanayouma ukimwambia akimbie, wiki ya pili humwoni. Anayejinyima chakula, au anayechoma sindano za kupunguza mwili, hupoteza misuli pamoja na mafuta. Huyo vesti inaweza kumfaa, maana inakaza misuli bila kutwisha magoti mzigo. Watafiti hao hao wa Erlangen waliwafuatilia kwa wiki 26 wanawake wa miaka 70 na zaidi, wenye mafuta mengi na misuli haba. Misuli iliongezeka, ingawa nguvu ya kiganja ilibaki pale pale.

Tatizo ni kwamba mafuta ya chini ya ngozi huzuia umeme. Mnene hausikii mapema, mwalimu wa mazoezi anauongeza, yeye anavumilia kwa kuona aibu. Na umeme ukizidi siku ya kwanza, misuli huvunjika: watu wazima wenye afya njema walipopewa kiwango cha juu, kimeng'enya kinachoashiria misuli iliyoumia kilipanda zaidi ya mara 100 katika damu, kileleni siku ya tatu au ya nne. Mabaki ya misuli hiyo huchujwa na figo, na wenye unene wengi wao tayari wana presha au kisukari. Baada ya wiki 10 za mazoezi mwili ulikuwa umezoea, kwa hiyo hatari iko zaidi kwenye pupa ya mwanzo.

Kwa maoni yangu vesti hii mahali pake ni kwa mtaalamu wa viungo, kwa mtu aliyepimwa figo na moyo. Mjamzito, mwenye kifafa au mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiiguse. Anayekwenda kuivaa jimu amuulize mwalimu anaanza na kiwango gani. Akijibiwa "tunakwenda full leo leo", abebe begi lake aondoke.