KitKat ni wefa kwanza, chokoleti baadaye

Wengi huisifia KitKat kwa chokoleti yake. Kwa maoni yangu wanasifia koti na kumsahau aliyelivaa: wefa, ile biskuti nyembamba ya ndani.

Kampuni ya Rowntree's ya York, Uingereza, iliitoa mwaka 1935 kwa jina la Chocolate Crisp: vipande virefu vinne, yaani vidole, bei peni mbili. Jina la KitKat likaja 1937. Maziwa yalipoadimika wakati wa vita, mwaka 1942 wakaamua kutumia chokoleti chungu, na karatasi nyekundu ikawa ya buluu. Ladha ya nje ilibadilika kabisa, lakini watu waliendelea kuvunja vidole vilevile vyenye wefa ndani.

Na wefa si kazi ndogo. Uji wake una maji mengi kuliko unga, na unga wenyewe uwe wa ngano laini, kwa sababu ngano ngumu huvutika, uji ukafanya mabonge na wefa ikatoka ngumu. Uji hubanwa katikati ya vyuma viwili vya moto. Maji hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huo ndio unaoacha vile vitundu vinavyofanya wefa ilie “kach” mdomoni. Matabaka matatu ya wefa hupangwa, krimu ikapakwa kati yake. Ndani ya krimu hiyo husagwa KitKat zilizovunjika kiwandani, jambo ambalo mimi naliona la busara sana.

Umbo lake nalo hutukuzwa kupita kiasi. Kvikk Lunsj, chokoleti ya wefa ya Norway, ina vidole vinne tangu 1937, na mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitupa rufaa ya Nestlé, mmiliki wa KitKat tangu 1988, iliyotetea umbo hilo kama alama yake ya biashara.

Adui wa kweli ni unyevu. Chokoleti ikiwa na tundu dogo tu chini, wefa hunyonya unyevu wa hewa ya nje, huvimba, na hatimaye hupasua chokoleti. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam, siagi ya kakao huyeyuka na kuganda tena vibaya, ndipo unaona utando mweupe juu. Si kuvu, unalika, ila ulaini umepotea. Ukiiweka kwenye friji, ifunge ndani ya chombo kisichopitisha hewa, na ukiitoa usiifungue mpaka ubaridi uiishe. Vinginevyo jasho litaingia kwenye wefa na ule mlio hutausikia.