Nguo ya mfuko wa unga: cha kuiga ni ukataji, si nembo

Mashati na magauni yenye nembo ya kiwanda cha unga kifuani, rangi ikiwa imefifishwa makusudi, huuzwa kama heshima kwa washonaji wa zamani. Sikubaliani. Wanawake wa mashambani Marekani waliovisha familia zao kwa mifuko ya unga na ya chakula cha kuku walitaabika kuitoa nembo hiyo. Waliipaka mafuta ya nguruwe au kuiloweka kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kisha wakaufua mfuko kwa sabuni kali na kuuchemsha. Wino ukigoma, kipande hicho kilikwenda kwenye chupi au kwenye bitana, mahali pasipoonekana. Mwishowe viwanda vyenyewe vilielewa: mwaka 1925 kampuni ya George P. Plant ya St. Louis ilitia unga wake wa Gingham Girl kwenye mifuko ya drafti nyekundu na nyeupe, na baadaye vingine vikaleta mifuko ya maua, yenye nembo ya karatasi inayobanduka ikilowekwa.

Kwa hiyo anayetaka kuuenzi ushonaji huo aanzie kwenye kipimo. Mfuko wa ratili 100, yaani kama kilo 45, ukifumuliwa ulitoa kipande cha takriban sentimita 91 kwa 107. Gauni la mtu mzima lilikula mifuko mitatu, na ndiyo maana mama alihitaji mifuko ya ua moja. Mipaka hiyo ndiyo iliyoumba mshono wenyewe.

Kitambaa kinachofaa tunacho, na jina lake linasema kilikotoka: marekani. Pamba hiyo isiyopaushwa, iliyofumwa wazi, ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Massachusetts katika karne ya 19, na mifuko mingi ya unga ilishonwa kwa pamba ya aina hiyohiyo. Loweka marekani usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, fua, anika, piga pasi ikiwa na unyevu, ndipo upime. Fundi akiruka hatua hii gauni litasinyaa baada ya kufuliwa mara ya kwanza, hasa kwa urefu, na marinda yatavuta kiuno juu.

Sasa kata vipande vitatu vya 91 kwa 107. Cha kwanza ni cha sehemu ya juu. Kwa kifua cha sentimita 92, mbele huchukua upana wa 53 na urefu wa 48. Nyuma ni nusu mbili za 30 kila moja, kwa urefu huohuo. Safu mbili za 48 ni 96, kwa hiyo hubaki utepe wa sentimita 11 wa kumalizia shingo. Vipande viwili vilivyobaki ni vya sketi: ukitoa sentimita moja na nusu kila upande kwa mishono, mzunguko ni 176, unaotosha marinda mara mbili na zaidi ya kiuno cha 80. Sketi ya urefu wa 65, pamoja na pindo la 5 na posho ya mshono, huondoka na sentimita 71 na nusu. Juu ya kila kipande hubaki 35 na nusu. Baki moja hutoa mikono miwili mifupi, nyingine mkanda wa kiuno, kola na mifuko. Kinachoingia kwenye takataka ni kiganja kimoja cha vipande.

Tumia sindano namba 14 na ushone kwa mshono wa jinzi, ule wa kukunja kingo ndani na kupiga mistari miwili, kwa sababu marekani hufumuka haraka pembeni. Kwapani ndipo gauni hizi hupasuka kwanza. Ongeza kiraka cha pembe nne pale, sentimita 8 kwa 8, kilichokatwa mshazari ili kivutike.

Viroba vya sandarusi vinavyouzwa leo na unga havifai kuvaliwa. Ni plastiki iliyofumwa: havinyonyi jasho, na pasi ya moto wa pamba huviyeyusha. Vinafaa kwa kikapu cha sokoni, basi.

Lakini mshono wa mdomo wa kiroba ni uleule wa zamani, wa mnyororo. Kata uzi upande mshono ulikoishia na uvute: unafumuka wote kwa mkupuo mmoja. Ukikwama usilazimishe, uko upande usio wake. Geuza mfuko uanze upande wa pili. Wale wanawake waliuzungusha uzi huo kwenye kibonge na kuufumia kwa sindano ya kulabu, ukawa lesi ya kupamba foronya.