Dada hayumo kwenye picha

Saa saba na dakika kumi usiku, ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama. "Habari za saa hizi wapendwa. Mwanangu ana miezi minne, usiku halali, analia tu. Jana mama mkwe kamkorogea uji mwepesi, kanywa, kalala. Kuna madhara?" Mwisho akaweka ile emoji ya viganja vilivyokutanishwa, ya mtu anayeomba asipigwe.

Kundi lina watu 240 na ushee. Kulipopambazuka majibu yalikuwa yameshafika sitini. Utumbo wa mtoto wa miezi minne haujakomaa, unataka kumuua? Kuzaa si lelemama, mpenzi. Kama hukujipanga ungesubiri. Mmoja akaandika kwamba wake hakuonja hata tone la maji mpaka miezi sita, "na nilikuwa kazini, tena nafasi ya juu", akatupia na picha: mtoto ana mashavu ya kung'ata, kakalia kiti chake cha kulia, bibu nyeupe haina doa, nyuma sakafu inang'aa mpaka unaona kivuli cha kiti. Admini akasema "jamani tusihukumiane", dakika tatu baadaye akaweka tangazo la pampasi za jumla.

Na mimi nilijibu, sijifichi. Niliandika kwa herufi kubwa: MIEZI SITA MAZIWA YA MAMA PEKEE, HATA MAJI USIMPE. Nikaweka na kopa jekundu, ili ionekane nimesema kwa upendo. Yule mama hakurudi kuandika neno. Asubuhi simu ikatuonyesha kuwa amejitoa kwenye kundi.

Kuhusu uji wenyewe tulikuwa sahihi, hilo silipingi. Mtoto wa miezi minne akianza kupewa vitu vingine, kuharisha hakuko mbali, hasa maji yetu haya ya kisima na ndoo. Ila kuwa sahihi kuna historia yake. Mama yangu alinianzishia uji nikiwa na miezi minne, na hakuwa mkaidi wala mshamba. Mpaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema miezi minne hadi sita. Mwaka huo ndipo mkutano wake mkuu ulipoamua iwe sita kamili. Kwa hiyo mama mkwe anayekoroga uji usiku wa manane anafuata alichoambiwa na nesi, kliniki, kadi mkononi, wakati wengi wetu tunaomzomea tulikuwa mgongoni kwenye mbeleko.

Miezi sita ni siku 180 na kitu. Likizo ya uzazi, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Toa mwenyewe. Hapo namzungumzia mwenye mkataba. Mama ntilie, msusi, anayetembeza vitumbua asubuhi, hao likizo yao inaisha siku hela ya akiba inapoisha.

Sheria hiyohiyo inampa anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mtoto. Ni kifungu kizuri, na aliyekiandika nadhani alimfikiria mtu ambaye mtoto wake yuko mtaa wa pili. Mimi naishi Chanika na nafanya kazi Kariakoo. Kwa saa mbili, kwenda na kurudi, nikiwa na bahati na daladala, ningemwona mtoto kwa dirishani tu. Bosi wangu, ambaye si mtu mbaya, alisema basi toka mapema. Nikawa natoka saa tisa badala ya saa kumi na moja, na mtoto akawa amenisubiri tangu alfajiri.

Katikati hapo ndipo pampu inapoingia. Nilikuwa nakamulia stoo, nimekalia boksi la vikombe, mgongo nimeukandamiza kwenye mlango kwa sababu komeo lake lilishakufa. Nje mtu anaita, "Mle ndani kuna nani? Nataka dazeni ya sahani!" Ukishtuka, maziwa yanagoma. Unafumba macho, unamfikiria mtoto, unasubiri, yanaanza kudondoka taratibu, na ukimaliza umepata robo ya chupa. Maziwa yaliyokamuliwa yanaweza kukaa kwa muda wa hadi saa nne tangu kukamuliwa kwenye joto la kawaida la chumba, ndivyo wanavyosema wataalamu. Stoo ya Kariakoo mwezi wa kwanza haina joto la kawaida la chumba. Nilikuwa nanunua barafu kwa muuza maji, naweka kwenye kimfuko, chupa juu yake, na jioni njia nzima nimekipakata kama mayai. Siku moja nilifika nyumbani uniti za LUKU zimeisha tangu mchana na yale ya akiba kwenye friji yameshachachuka. Nililia. Nilivyolilia maziwa yale, nadhani misiba mingine sijaililia hivyo.

Wangu alianza uji akiwa na miezi mitano na wiki mbili. Sikusema kwenye kundi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 uliwakuta asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita ndio wanaopata maziwa ya mama pekee. Ukiipiga hesabu hiyo kwa kundi letu, tungekuwa zaidi ya themanini tulioshindwa kufika. Sijawahi kumsikia hata mmoja.

Nilipoanza kurudia kusoma ushauri wetu kwa utulivu, niligundua kitu ambacho sasa siwezi kuacha kukiona. Karibu kila ushauri una dada wa kazi ndani yake, ila hatajwi. "Usimwonyeshe katuni, cheza naye." Ni kweli, tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Lakini nani anacheza naye mimi nikiwa jikoni? "Mpikie kila mlo freshi, usimpe kiporo." Nani anachemsha, nani anaponda? "Mama, jipe muda, lala mtoto anapolala." Nguo je? Yule wa nafasi ya juu, sakafu yake inang'aa kwa sababu mtu amepiga deki, na mtoto amekaa kwenye kiti kwa sababu kuna mtu amesimama pembeni anamshika asianguke, kisha akasogea ili picha ipigwe. Ukitazama vizuri utaona vidole vinne kwenye ukingo wa kiti. Picha nyingi zina vidole hivyo.

Mwingine aliwahi kutuambia ni hatari mtoto kulala kitanda kimoja na mama, kila mtoto awe na kitanda chake. Sawa. Na chandarua cha pili? Watu wanalala watano chumba kimoja, chandarua kimoja, mbu wa Chanika unawajua. Mtoto unamweka pale chandarua kilipo, halafu mengine ndiyo unayafikiria.

Sitaki mtu anisome kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Uani kwetu, Tanga, kulikuwa na hukumu kuliko WhatsApp zote. Mtoto akikonda tu, neno lilikuwa moja: kabemendwa. Maana yake baba na mama wameshindwa kuvumilia, wamekutana kabla ya wakati, na mtoto ndiye anayelipa. Hebu fikiria kukaa kliniki kwenye benchi, mtoto yuko kwenye kijivu cha kadi anateremkia nyekundu, na benchi zima linakitazama kiuno chako. Kuna jirani yetu alikoma kwenda kupima mtoto kwa ajili ya aibu hiyo tu. Ninachokumbuka cha tofauti ni kwamba mwanamke aliyemsema vibaya kuliko wote ndiye aliyekuwa akimletea uji wa pilipili manga, akimchukua mtoto kwa kutwa nzima ili mwenzie alale. Alimsema akiwa amembeba. Haikupunguza maumivu, lakini mkono ulikuwepo. Sisi tunasema tu, tunaweka kopa, tunazima data.

Nikiwa mkweli, nisingelitoka kundi lile. Kuna usiku mama mmoja alieleza mwanawe ameharisha siku nzima, na mwingine, nesi nadhani, akamuuliza swali moja tu: "Utosi umebonyea?" Akasema ndiyo. "Acha simu. Nenda hospitali sasa hivi." Watu wakamchangia nauli ya bajaji kwa simu ndani ya dakika kumi. Yule mtoto leo anaanza chekechea. Nesi yule hakuwahi kuandika kwa herufi kubwa, nimechunguza.

Sasa nirudi usiku ule wa uji, maana sijamaliza deni langu.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kurudi kazini, na dada alikuwa na siku tano kwangu. Aliletwa na shangazi yake kutoka Singida, mfuko mmoja wa rambo na kanga mbili. Kwenye kundi tunawaita beki tatu, tunachekeshana jinsi wanavyokula sukari na wanavyokimbia wakishapata nauli. Nyumbani tunaitana dada, yeye mimi, mimi yeye. Nilikuwa namlipa elfu themanini kwa mwezi na kujiona mwema, kwa sababu amri ya mishahara ya wakati ule, iliyoanza Januari 2023, ilisema 60,000 kwa anayelala kwa mwajiri. Sikumuuliza mengi. Nilimuuliza kama anajua kupika, kama ana simu, kama ana mchumba. Hayo ndiyo tunayouliza.

Jioni ya pili nilimkuta uani anaosha vyombo, kifua cha blauzi kimelowa. Nikadhani ni maji ya beseni. Jioni ya tatu amefunga kanga kifuani, ameikaza mpaka anahema kwa shida, joto lote lile. Nikamwambia jamani dada, legeza, utaugua. Akacheka.

Siku ya tano, usiku, nimekaa kitandani nakamua ya kesho, mtoto kalala. Mkono mmoja una pampu, mwingine una simu; nilikuwa nimeamka na ule ujumbe na nilikuwa nimeshajibu. Dada akaja kuchukua ndoo mlangoni. Akasimama anaitazama chupa inavyojaa.

"Dada, hiyo inauma?"

Nikamwambia kidogo, ukizoea haiumi.

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na mtu akikaza kanga, yanakauka baada ya siku ngapi?"

Niliiweka simu chini. Nikamuuliza wake ana miezi mingapi.

"Mitano," akasema. "Yuko kwa bibi yake. Uji anakunywa vizuri tu."